Kuti Kavu na Barafu Nyembamba

Ndugu zangu mnaoanza kuongoza wageni hapa Moshi, Kiingereza cha njia ya Marangu, ya kupandia Kilimanjaro, mtakizoea mapema. Kinachochelewa ni kile cha mafumbo. Mimi nilikijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilichelewa mara mbili kuwapokea wageni uwanja wa ndege wa KIA, na msimamizi wangu, Mwingereza, akaniandikia barua pepe iliyoishia na maneno "you are on thin ice", yaani uko juu ya barafu nyembamba. Kwa kuwa kesho yake nilikuwa napandisha kundi, nilidhani ananitahadharisha kuhusu kileleni, nikamjibu kwa heshima zote kwamba barafu ya kule iko kando ya njia, hatuikanyagi.

Fumbo hilo limetoka katika nchi ambazo maji ya ziwa huganda wakati wa baridi na watu hupita juu yake, mpaka wafike mahali ambapo tabaka ni jembamba. Anayeambiwa hivyo ameshakosea au amejiweka hatarini, na kosa moja zaidi litamzamisha. Sisi husema amekalia kuti kavu, kama magazeti yanavyomsema kocha aliyefungwa mechi tatu mfululizo (nasi watu wa migombani tunaelewa, ingawa minazi iko pwani).

Msilichanganye na "hanging by a thread", yaani kuning'inia kwa uzi, ambalo wengi hulihusisha na kisa cha Damocles, aliyeketishwa karamuni chini ya upanga ulioning'inizwa kwa unywele mmoja wa farasi. Hilo husemwa zaidi juu ya kitu: uhai wa mgonjwa, mkataba, ajira. Ajira yangu ndiyo iliyokuwa ikining'inia kwa uzi. Juu ya barafu nilikuwa mimi.

Likiongezwa neno "skating", yaani kuteleza, maana yake ni kwamba mhusika anaendelea kujihatarisha mwenyewe. Mwaka 1841 Mmarekani Ralph Waldo Emerson aliandika kwamba anayeteleza juu ya barafu nyembamba usalama wake ni mwendo wake. Mgeni anayeficha maumivu ya kichwa yanayoletwa na kimo pale kibanda cha Kibo, kwenye meta 4,700 hivi, ili aruhusiwe kupanda usiku, anafanya hivyo hasa, ila mlimani mwendo wa haraka humharibia zaidi.

Hata hivyo, msimwambie mgeni fumbo hilo ana kwa ana, kwa sababu hubeba sauti ya mkubwa anayemwonya mdogo. Na mkishapita Stella Point, ukingoni mwa kreta karibu na kilele, liacheni kabisa, maana atainama kutazama anapokanyaga.