Nichukue skopu ya ngapi?

SWALI: Kaka mshauri, habari za kazi. Niko Nairobi, nina miezi minne kwenye upinde, napiga kampaundi (upinde wenye vigurudumu). Muuzaji ananisukumia skopu (ile lenzi ya kukuza inayokaa kwenye saiti) ya 8X, eti njano ya katikati ya shabaha nitaiona kama sinia, ila bei yake imenitoa jasho. Alafu rafiki yangu anapiga rikavu (upinde usio na vigurudumu), tunaweza kuazimana saiti, yaani kifaa cha kulengea?

JIBU: Nzuri dada. Nianze na rafiki yako: skopu hapana. Kwenye mashindano mtu wa rikavu haruhusiwi lenzi ya kukuza, wala pima maji kwenye saiti, wala pipu (kitundu cha kuchungulia) kwenye upote, yaani kamba ya upinde, yeye anabaki na kipete chake chenye kitone basi. Nyie wa kampaundi ndio mmedekezwa, vyote hivyo ruksa. (Wahadza, wale wawindaji wa Ziwa Eyasi kule Tanzania, hawana hata kimoja na nyama wanakula.)

Sasa hiyo 8X, achana nayo. Kwanza hizo namba zisikutishe, ile 4X ya madukani mara nyingi ni lenzi ya nusu diopta (diopta ndio kipimo cha nguvu ya lenzi), ukiiweka mbele ya jicho kwa urefu wa mkono inakuza kama mara moja na nusu tu, sio mara nne, kwa hiyo uliza diopta. Pili, lenzi haikuzi njano peke yake, inakuza na mtetemeko wako. Mimi nilinunua kali mapema kwa sababu ya sifa tu, mita 50 ile njano ina upana wa sentimita 16, nikawa naona nukta ya skopu inacheza chakacha juu yake, mkono ukanichoka kungojea itulie, mwisho nikawa naachia kwa kushtuka kila ikipita katikati, na huo ugonjwa kuutoa ni kazi nakwambia. Anza na nusu diopta. Ukiona ukungu tatizo linaweza kuwa pipu, jaribu yenye tundu dogo zaidi kabla hujalaumu lenzi.

Pesa iliyobaki weka kwenye saiti yenyewe. Pale dukani ishike ile sehemu inayobeba skopu uitikise, ikicheza hata kidogo rudisha, kisha zungusha kile kirungu cha kupandisha mibofyo 20 juu, 20 chini, uone kama inarudi palepale ilipoanza. Kipovu cha pima maji nacho kiwe kinaonekana bila kukitafuta, manake upinde ukilala kulia mishale nayo inaenda kulia na wewe utabaki unahangaika na saiti bure.

Kurekebisha ni kufuata mshale, mishale ikienda kushoto sogeza saiti kushoto, ila piga hata sita kwanza usikimbizane na mmoja. Na ukihamia mbali skopu inashuka, ukisikia "tak" mshale ukitoka angalia manyoya ya mshale, yanaigonga skopu.