Kompyuta ya kwanza dukani Lubumbashi: anza na jedwali, mashine baadaye

Wewe uliyefungua alimantasyo (duka la vyakula) Katuba, depo ya saruji Ruashi au meza ya vipuri Kampemba, na sasa unataka kutoka kwenye daftari uingie kwenye kompyuta, najua swali lako la kwanza: ninunue mashine gani? Mimi huwajibu watu kwa swali jingine. Leo ukifunga duka, unaweza kuniambia umeuza nini, kwa sarafu gani, na nani hajalipa? Kama daftari lako haliwezi kujibu, kompyuta nayo haitajibu. Itakaa mezani, watoto watacheza michezo, na mwisho wa mwezi utarudi kuhesabu noti za droo.

Kwa hiyo wiki chache za mwanzo piga mistari kwenye daftari lako la kawaida na uzoee kuandika kila kinachotoka, papo hapo, mteja akiwa bado amesimama. Si jioni. Jioni umesahau nusu. Aliyekwisha kuzoea hivyo, siku akikaa mbele ya kompyuta anajifunza kibodi tu.

Sasa jedwali lenyewe. Kila bidhaa iliyotoka inachukua mstari wake. Safu ninazoweka ni hizi, kuanzia A hadi I: tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kimoja, sarafu, kiwango cha dola cha siku hiyo, jumla kwa dola, njia ya malipo, jina la mteja. Basi. Usiruke mstari kati ya siku na siku ili ipendeze, usiunganishe visanduku, usiandike "jumla ya Jumatatu" katikati ya mauzo. Urembo huo ndio unaokuzuia baadaye kuchuja na kupanga. Jumla ziweke kwenye karatasi nyingine ndani ya faili ileile.

Kwenye kisanduku cha bei andika 25000, namba tupu. Ukiandika "25000 FC" (franka za Kongo), Excel, ile programu ya majedwali, inaona maneno, na SOMME, amri ya kujumlisha, inaruka kisanduku hicho bila kukuonya. Ndivyo mtu anavyopata jumla ndogo kuliko pesa zilizomo kwenye droo, akaanza kumshuku kijana wa dukani bure. Dalili ni rahisi: kama hujagusa mpangilio, namba halisi inakaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno yanakaa kushoto. Na kwa kuwa mashine zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, sehemu ya desimali ni mkato: 12,50. Ukifuata video ya Nairobi au Dar es Salaam utamwona mwalimu anaandika SUM na kutenganisha kwa mkato. Ukiiga hivyo kwako italeta kosa. Kwako ni SOMME, na kitenganishi ni nukta-mkato.

Majina nayo yana shida yake. "Unga 25kg", "unga kg 25" na "mfuko wa unga" kwako ni kitu kimoja, kwa mashine ni bidhaa tatu. Tengeneza orodha ya bidhaa zako mara moja, kisha nenda Données, Validation des données, uchague Liste. Kuanzia hapo anayeandika anachagua jina, habuni.

Hapa sasa ndipo duka la Lubumbashi linapoachana na mifano ya mafunzo mengi. Mafunzo yanadhani una sarafu moja. Wewe unanunua mzigo kwa dola, au unakwenda Kasumbalesa na kurudi na bidhaa za Zambia zilizolipwa kwa kwacha, halafu unauza kwa franka na dola kwenye kaunta ileile. Ukijumlisha namba hizo zote pamoja hujajumlisha chochote. Chagua sarafu moja ya kupimia, na kwa anayenunua mzigo kwa dola hiyo ni dola. Kwenye safu ya G weka fomula hii, kisha uivute kwenda chini:

=SI(E2="FC";C2*D2/F2;C2*D2)

Maana yake: kama sarafu ni FC, zidisha idadi kwa bei ugawanye kwa kiwango; kama sivyo, zidisha tu.

Tuseme unauza mfuko kwa 50 000 FC na kiwango ni 2 500. Umepata dola 20. Kiwango kikipanda hadi 2 800 na wewe hujabadili bei, mfuko uleule unakupa dola 17,86. Kwenye daftari la franka tupu siku hizo mbili zinafanana kabisa, na utashangaa kwa nini pesa ya mauzo haitoshi kurudisha mzigo uleule. Safu ya G inakuonyesha siku hiyohiyo.

Vijana wengi waliosoma kidogo Excel watakushauri uweke kiwango kwenye kisanduku kimoja juu, fomula zote zikitazame hicho. Kataa. Ukibadilisha kiwango leo, mauzo yote ya miezi iliyopita yatajihesabu upya kwa kiwango cha leo, na historia yako itakuwa ya uongo. Kiwango kinaandikwa kwenye kila mstari na kinabaki pale. Ni kazi zaidi, najua. Na uandike kiwango kipi? Kambiste, yule mbadilisha pesa, ana viwango viwili, cha kununua dola na cha kuuza. Wewe ndiye utakayekwenda kwake kutafuta dola za mzigo, kwa hiyo andika kile anachokuuzia.

Madeni yanahitaji karatasi yake. Ile ya mauzo ipe jina mauzo, ili fomula iitambue. Mteja aliyekopa anaandikwa "deni" kwenye safu ya H, na akija kulipa usifute mstari wa zamani. Fungua karatasi iitwayo malipo yenye safu tatu: tarehe, jina, kiasi kwa dola. Karatasi ya tatu ni orodha ya majina ya wadaiwa kwenye safu ya A, na pembeni ya kila jina:

=SOMME.SI.ENS(mauzo!G:G;mauzo!H:H;"deni";mauzo!I:I;A2)-SOMME.SI(malipo!B:B;A2;malipo!C:C)

Inatisha kuitazama, lakini inaandikwa mara moja tu. Inachukua yote aliyokopa mtu huyo, inatoa yote aliyolipa, na kinachobaki ndicho anachodaiwa. Ila mwambie mteja mapema, siku ya kukopa, kwamba deni linahesabiwa kwa dola. Kumwambia siku ya kulipa ni ugomvi, na hapo hakuna fomula itakayokusaidia.

Kwa malipo ya simu, tenganisha M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kwenye safu ya H, kisha jioni linganisha kila jumla na salio la akaunti yake. Ukiunganisha yote kuwa "simu", tofauti ikitokea hutajua uitafute wapi. Na picha ya skrini anayokuonyesha mteja si malipo. Picha inahaririwa kwa dakika mbili. Malipo ni salio lako likipanda.

Kama biashara yako iko kwenye TVA (kodi ya ongezeko la thamani), hiyo asilimia 16 iwe na safu yake. Kuna kosa ninaloliona mara kwa mara: kuitoa TVA kwenye bei iliyojumuisha kodi kwa kupunguza asilimia 16. Bei ya 116 ukiipunguza hivyo unapata 97,44, wakati bei halisi bila kodi ni 100. Gawanya kwa 1,16.

Programu gani? Kama una Excel halali, tumia. Kama huna, LibreOffice Calc ni bure, ina menyu za Kifaransa, na fomula nilizoandika hapo juu zinafanya kazi humo pia, mradi vitenganishi viwekwe kwa mtindo wa Kifaransa, na kwenye ile ya madeni uweke nukta mahali pa alama ya !, yaani mauzo.G:G. Ile Office ya "crack" ambayo fundi anakuwekea kwa pesa kidogo siipendi, na sababu yangu ni ya vitendo: kabla ya kuiweka, mara nyingi anazima kinga ya virusi, na akiondoka anaiacha imezimwa. Programu kubwa za kuendesha duka, zenye kisomaji cha msimbopau na risiti, ziache kwanza. Zinafaa duka lenye wauzaji kadhaa na bidhaa mamia. Ukizinunua kabla hujazoea kuandika, utalipia kitu kitakacholala.

Sasa mashine. Chukua laptopu, hata kama kompyuta ya mezani inaonekana na nguvu kwa bei ileile, kwa sababu betri yake ndiyo itakayokupa muda wa kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Ya okazyo, iliyokwisha kutumika, inatosha, lakini ikague dukani kabla hujatoa pesa: chomoa chaja uone betri inashuka kwa kasi gani, uliza kama diski ni SSD (aina ya diski iliyo ya kasi), hakikisha RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, si chini ya GB 8 kama bajeti inaruhusu. Kisha tazama prosesa. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo kabla ya kizazi cha 8. Ndiyo maana laptopu za zamani zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia. Kununua si dhambi, ila ujue unachonunua, na ushushe bei.

Umeme ukikatika, chomoa chaja ukutani. Ukirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka, kwa sababu unaporudi mara nyingi huja na mrusho. Kama unatumia kompyuta ya mezani, onduleur (kisanduku cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ni lazima, ila usichomeke printa ya leza kwenye soketi zake za betri. Inavuta nguvu nyingi kwa mpigo. Kwenye Excel nenda Fichier, Options, Enregistrement, ushushe muda wa kujihifadhi kutoka dakika 10 hadi 2. Na hata hivyo bonyeza Ctrl+S baada ya kila mteja.

Flashi. Uwe nazo mbili, za rangi tofauti. Moja ni ya kwenda sekretariati kuchapisha, na juu yake weka PDF tu. Kompyuta za sekretariati zinapokea flashi za mji mzima, na virusi wanaoficha mafaili na kuacha njia za mkato (raccourcis) mahali pake wanazunguka humo. Ikikutokea, usikubali kuformati: mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa. Usibofye zile njia za mkato. Pima flashi kwa kinga ya Windows kwanza, kisha fungua Invite de commandes uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E.

Flashi ya pili ni ya nakala, na inalala nyumbani, kamwe isilale kwenye begi la laptopu. Mwizi habagui. Nakala nyingine ipeleke Google Drive, ambako akaunti ya bure ina GB 15 zinazogawanywa na Gmail na picha zako. Usihofu megabaiti: faili ya mauzo ya duka dogo mara nyingi ni nyepesi kuliko picha moja ya simu. Ipe jina lenye mwaka mbele, mauzo_2026-03, ili mafaili yajipange yenyewe. Nimeona faili inaitwa "mauzo mpya ya mwisho kabisa 2", na mwenyewe hakujua kama kuna ya 3.

WhatsApp Business ni ya bure na inafaa, hasa katalogi na majibu ya haraka. Weka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili, na ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Jambo dogo linalosumbua sana huku kwetu ni saa. Lubumbashi ni UTC+2, Kinshasa ni UTC+1, na mashine nyingi zimewekwa saa ya Kinshasa. Kwenye Windows chagua Harare, Pretoria. Ni muhimu kwa sababu Ctrl+; kwenye Excel inaandika tarehe ya leo kama mashine inavyoijua. Kama kila ukiwasha kompyuta ya zamani inarudi miaka nyuma na tovuti zinakataa kufunguka, mara nyingi ni kabetri kadogo ka CR2032 ndani kamekwisha. Mwambie fundi akibadilishe, na kabla hujamkabidhi mashine, kwa hicho au kwa tengenezo lolote, toa nakala ya faili yako kwanza, mwenyewe, kwa mkono wako.