Muulize Shangazi Fundi: Jiwe la Grenda Lina Maandishi

Safu hii ni ya karakana. Mwenye swali la mapenzi ana shangazi zake kwenye kurasa nyingine, ingawa barua ya pili ya mwezi huu imenifanya nisite kidogo. Barua karibu zote safari hii ni za grenda, ile mashine ya mkononi inayokata chuma kwa jiwe linalozunguka, nadhani kwa sababu msimu wa kuezeka umefika.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi paa, bado kijana. Nakata bati za rangi za migongo mipana, geji 28, kwa grenda ya inchi nne na nusu. Kazi inakwenda upesi. Mwenye nyumba kanisimamisha, anasema namharibia bati. Mkasi wa bati unaniumiza mkono na kwenye migongo haupiti vizuri. Nani ana haki hapa? (Fundi paa, Kibaha)

Marahaba, mwanangu. Haki ni ya mwenye nyumba.

Bati la rangi ukilitazama pembeni ni jembamba kama karatasi, lakini ndani yake kuna watu wengi: chuma katikati, zinki juu na chini, kisha rangi. Kazi ya zinki ni kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Ukikata kwa mkasi, zinki inabaki mpaka ukingoni kabisa, nayo inaendelea kuulinda ule uchi mwembamba wa chuma ulioachwa na mkasi. Ukikata kwa jiwe, unachoma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na zile cheche unazoziona zikiruka ni chembe za chuma zinazowaka, zina moto mara mbili ya huo na zaidi. Ukingo unabaki mtupu, na rangi kandokando imebabuka hata kama hujaiona.

Hilo ni nusu ya hasara. Nusu ya pili ni pale cheche zinapotua. Zinaangukia bati za chini, zinajichimbia kwenye rangi zikiwa bado za moto na kuganda humo. Mvua mbili tatu zikipita, paa linaota vidoti vya kahawia, na mwenye nyumba anaanza kugombana na kiwanda. Kiwanda nacho kinatoa karatasi yake ya masharti. Viwanda vingi vya bati za rangi vimeandika humo kwamba bati lisikatwe kwa jiwe la grenda, na aliyekata hivyo dhamana yake imekufa.

Sasa ufanyeje? Kwanza pima vizuri, uagize bati zikatwe kiwandani kwa urefu wa paa lako. Ukifanya hivyo, kitakachobaki juu ni mikato ya mabondeni na pembeni tu. Kwa mikato hiyo nunua mikasi mitatu, si mmoja. Ipo ya mpini mwekundu, inayokata kwa kupinda kushoto. Ya kijani, inayopinda kulia. Na ya njano, ya kwenda moja kwa moja. Mkono unaokuuma naona unapindisha bati kulia kwa mkasi wa kushoto. Kwenye migongo tumia kile kifaa kinachofungwa kwenye drili na kung'ata bati vipande vidogo vya umbo la mwezi mchanga. Hakitoi moto. Vipande vyake vikali, vifagie kabla hajapanda mtu mwingine juu, maana vinaingia kwenye soli za viatu na kukwaruza paa zima.

Bati ulizokwisha kuzikata zifagie leo hii kwa brashi laini, paka kingo rangi yenye zinki, na kingo hizo uzifiche chini ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa. Grenda yako bado ina kazi: kenchi za skwea paipu. Ila ukazikatie chini, upande ambao upepo hauelekei kwenye bati.

Shangazi, mume wangu ana karakana ndogo ya mageti nyuma ya nyumba. Grenda yake ni ile ndogo ya inchi nne na nusu. Ameitoa kava ili afunge jiwe la inchi saba. Anasema jiwe kubwa linakaa zaidi na hiyo ndiyo hesabu ya biashara. Watoto wanapita pale. Nikisema, ananijibu mimi sijui chuma. (Mke wa fundi, Morogoro)

Ukurasa huu mkabidhi mwenyewe, kuanzia mstari unaofuata.

Mkwe wangu, habari za kazi. Umetaja hesabu, basi tufanye hesabu. Chukua hilo jiwe la inchi saba usome maandishi yake. Utakuta kipenyo milimita 180, na utakuta kasi ya juu kabisa: mizunguko 8,500 hivi kwa dakika. Kisha geuza grenda usome kibao chake. Nyingi za ukubwa wako zimeandikwa mizunguko 11,000. Tayari umezidisha, lakini tuendelee. Jiwe la milimita 180 likizunguka mara moja, ukingo wake umesafiri milimita 565. Zidisha kwa 11,000, gawanya kwa sekunde 60: ukingo unakwenda zaidi ya mita 103 kwa sekunde. Jiwe lenyewe linasema mwisho wake ni mita 80 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 288 kwa saa. Wewe unalipeleka kilomita 370 na ushee, nusu mita kutoka kwenye shingo yako. Na nguvu inayovuta jiwe lipasuke haipandi sawasawa na kasi, inapanda kwa mraba wake. Kwa namba hizi umeiongeza kwa karibu asilimia 70.

Jiwe si chuma. Ni chembe ngumu zilizogandishwa kwa gundi, katikati kumewekwa wavu wa nyuzi za kioo ili zishikane. Likipasuka, vipande vinaruka kwa kasi ileile, kufuata mstari wa mzunguko. Kava limewekwa hapo kuvizuia visije upande wako. Kuzuia cheche ni kazi yake ndogo. Kazi yake nyingine, ambayo naona mafundi wengi hawaithamini, ni kukataa jiwe lisilo lake. Jiwe likigoma kuingia ndani ya kava, mashine imekwisha kukujibu. Wewe ulipotoa kava ulimfukuza mlinzi kwa sababu alikataa kumfungulia mwizi.

Na biashara? Nunua mawe ya milimita 115 yenye unene wa milimita moja. Kwa bati nene la geti, la milimita moja na nusu au mbili, hayo ndiyo yake. Jiwe la unene wa milimita tatu linasaga mara tatu ya chuma kwa mkato uleule, linakula umeme, linapasha bati moto mpaka linapinda, halafu unatumia nusu saa kulinyoosha kwa nyundo. Jiwe jembamba linapita na bati linabaki limenyooka. Kama una kazi ya kukata kwa kina, tafuta au kodi grenda kubwa ya milimita 230. Hiyo inazunguka mara 6,600 hivi tu, na ukingo wake unafika mita 80 zilezile. Ila inameza wati 2,000 na kuendelea, kwa hiyo usiiwashe kwa jenereta ndogo ya jirani, mtagombana.

Maadamu uko kwenye kusoma jiwe, tazama na ile pete ya chuma kwenye tundu la katikati. Imegongwa mwezi na mwaka. Ndiyo mwisho wa kutumika, kawaida miaka mitatu tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi inachoka, na unyevu unaichosha mapema zaidi. Huku kwetu Tanga upepo wa bahari hauna huruma. Mawe yangu nayalaza bapa ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na sakafu. Duka ninaponunua wamenizoea: natazama pete kwanza, bei baadaye. Jiwe lililoning'inizwa mlangoni juani mwaka mzima sichukui hata nikipewa bure.

Bati likikatwa likiwa limeegemezwa ncha mbili tu, katikati linabonyea, mkato unajifunga na kulibana jiwe. Hapo grenda inakurukia. Weka mbao chini pande zote mbili za mstari, kipande kinachoanguka kiwe huru kuanguka, na bati jembamba libane kati ya mbao mbili lisipigepige. Mkono wa pembeni ufungwe, mikono yote miwili kwenye mashine, na mwili usimame kando ya mstari wa jiwe, si nyuma yake. Usipindishe mkato. Ukitaka kona, simama, toa, anza upya. Na lile gurudumu la meno la kukatia mbao, ambalo siku hizi naona vijana wanalifunga kwenye grenda ndogo, ukiliona karakanani kwako lipeleke kwa fundi seremala mwenye mashine yake.

Watoto wahamishiwe njia nyingine. Miwani ya kinga vaa, ya jua haihesabiki.

Mama, sasa rudi wewe. Hilo la kuambiwa hujui chuma siliwezi hapa. Lipeleke kwa shangazi wa kurasa zile nyingine.

Fundi wa grili alikatia vyuma sebuleni kwangu, vioo vikiwa vimeshawekwa. Sasa vioo vina vidoti vidogo vyeusi, nimesugua kwa kila sabuni. Vigae navyo vina madoa ya kutu. (Mwenye nyumba, Dodoma)

Vidoti vya kwenye kioo havitoki. Chembe zilifika za moto zikayeyukia ndani ya kioo. Ukizing'oa unabaki na vishimo. Kioo kibadilishwe, na gharama mzungumze na fundi wako kwa utulivu. Vigae vina nafuu: kama kutu imekaa juu ya kigae tu, dawa ya kutolea kutu inaondoa. Jaribu kwanza kigae cha nyuma ya mlango. Safari nyingine vyuma vikatwe nje, au kioo kifunikwe kwa turubai zito. Nailoni haitoshi, cheche zinaitoboa.

Nyumba ya urithi ina paa la asbesto la zamani. Nataka tundu la bomba la tanki. Nitumie jiwe la chuma au la zege? (Msomaji, Moshi)

Usitumie lolote. Asbesto likisagwa linatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zinazoingia mapafuni na kukaa humo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote huleta saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye, wakati bomba lenyewe limeshasahaulika. Grenda ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa inageuza kipande cha paa kuwa vumbi la mtaa mzima. Paa zima lisilovunjika liache lilivyo, usilikwangue, usilitoboe. Bomba lipitishe ukutani. Siku ya kuliezua, ulizia halmashauri yenu utaratibu wa kuliondoa na kulizika.

Assalaam alaykum, Bi Shangazi. Mie fundi cherehani. Nashona sare za skuli, nakata tabaka nyingi, mkasi umenitoa malengelenge. Nyie wa chuma mna grenda. Sisi hatuna yetu? (Fundi cherehani, Unguja)

Wa alaykum salaam. Mnayo, tena mbili.

Grenda yetu ya pembe ilianzia Ujerumani mwaka 1954, kwa Ackermann + Schmitt ambao leo ni kampuni ya FLEX. Yenu ya mkono ni changa zaidi: kisu cha gurudumu, wembe wa duara kwenye mpini, unaousukuma kwa kiganja kama unabingirisha. Kampuni ya Olfa ya Osaka, Japani, ilikitoa mwaka 1979. Mwanzilishi wake, Yoshio Okada, ndiye pia aliyebuni mwaka 1956 ule wembe unaovunjwa kipande kipande ukiwa butu, ambao kila fundi anao mfukoni. Wembe wa milimita 45 unatosha kazi nyingi, wa 28 ni wa mapindo madogo, wa 60 wa vitambaa vizito. Unataka mkeka wake maalumu chini na rula nene pembeni. Bila mkeka utakata meza, na wembe utakufa siku hiyohiyo. Kwa pamba nyepesi unapita tabaka nne hivi kwa usafi. Ukiinua mkono, funga wembe. Kila mara.

Kwa sare nyingi kuna ya umeme, unaishika kwa mkono mmoja, wembe wake wa duara una milimita 100 hivi na chini ina kikanyagio chembamba kinachoteleza chini ya kitambaa. Mistari mirefu ya sketi na suruali inaimaliza haraka. Mkono unaoshikilia kitambaa uvae glavu ya matundu ya chuma. Hapa tunatofautiana: kwenye grenda ya chuma glavu pana ya kitambaa ni hatari, inanaswa.

Sare nyingi zina poliesta. Wembe ukienda kasi unapata moto, na kingo za tabaka zinayeyukiana, unazibandua kama kurasa zilizoloa. Punguza tabaka, weka karatasi nyembamba katikati, na noa wembe mapema.

Tena, kwa kuwa wembe ni duara, unaligusa tabaka la juu kabla ya la chini. Kwenye mstari ulionyooka haidhuru. Kwenye kona kali, kitambaa cha juu na cha chini havitalingana, na mikono ya shati itakataa kukaa. Ukifika shingoni na kwapani, chukua mkasi wako, tabaka chache chache.