Ngazi ya kamba haimpiti mlinzi

SWALI: Kocha, mimi ni winga wa raga, umri miaka 22, kilo 82. Nimefanya mazoezi ya ngazi ya kamba, ile inayolazwa chini ukakanyaga haraka ndani ya vyumba vyake, kila asubuhi kwa miezi mitano, na sasa miguu inakwenda haraka hadi wenzangu wananirekodi video. Mita 30 nakimbia kwa sekunde 4.2. Lakini kwenye mechi nikibaki mmoja kwa mmoja na mlinzi, ananikamata. Kuna mtu anauza programu ya siku 21 ya "miguu ya umeme" pamoja na vizito vya kufunga vifundoni. Niinunue, au niongeze ngazi iwe mara mbili kwa siku?

JIBU: Usiinunue, na ngazi usiiongeze. Ukiipenda, ibakishe dakika tano za kupasha mwili moto, haina dhara hapo. Shida inaanza pale mchezaji anapoamini kwamba anajenga wepesi wa raga, kumbe anajenga umahiri wa ngazi. Imani hii nakutana nayo kila mahali, kwa watoto wa shule hadi kwa makocha wenzangu ambao wangepaswa kujua zaidi, na naomba uniwie radhi nikikaa hapo muda mrefu.

Angalia unachofanya kwenye ngazi. Macho yako yako chini. Vyumba viko umbali uleule, unajua mguu gani unafuata, mwili hauna kasi ya maana na hakuna mtu mbele yako. Sasa angalia kinachotokea ukiwa na mpira: unakwenda kasi, mlinzi naye anakujia, na una sehemu ndogo ya sekunde kuamua upite wapi. Baada ya uamuzi huo lazima upunguze kasi, ukite mguu, usukume ardhi na ufyatuke upande mwingine ukiwa na kilo zako zote 82. Katika hayo yote, ni lipi ambalo ngazi imekufundisha?

Katika raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande, wachezaji wa kiwango cha juu na cha chini wamepimwa kwa njia mbili. Kwenye majaribio ya koni, ambapo mkimbiaji anajua kabla atageukia wapi, mara nyingi tofauti kati yao ni ndogo. Wakiwekewa mtu wa kusomwa, wageuke kulingana na anavyosogea yeye, walio bora wanajitenga. Wanaona mapema. Ndiyo maana mchezaji ambaye si wa kwanza kwenye mbio za mazoezini anaweza kuwa mgumu kushikwa siku ya mechi.

Umemwona Cheslin Kolbe, winga wa Afrika Kusini, akifunga trai kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya 2019, walipoifunga Uingereza 32 kwa 12? Owen Farrell wa Uingereza, aliyekuwa akimkaba, aliachwa kwa badiliko moja kali la mwelekeo. Hakuna miguu kumi ya kudonoadonoa nyasi. Kudonoa huko ndiko unakotaka kulipia, na mlinzi mzoefu hata hakutazami miguu. Anatazama kiuno chako, kwa sababu miguu inaweza kudanganya lakini kiuno huenda mwili unakokwenda.

Basi nawe mtazame yeye hapohapo. Mkimbilie kuelekea bega lake la ndani, lile la upande wa katikati ya uwanja, ili alazimike kuamua, na mpira uwe kwenye mikono miwili ili asijue kama utapasia. Subiri nyonga zake zigeuke au miguu yake ipishane. Akiwa katika hali hiyo hawezi kurudi haraka. Ukigeuka mapema mno anapata muda wa kujipanga, ukichelewa mkono wake umeshakufikia. Hatua mbili tatu mbele yake ndipo pa kazi. Kita mguu wa nje, yaani ule wa upande usiokwenda, mbali kidogo na mwili, usiuweke chini ya kiuno, na sukuma.

Ila kazi kubwa inafanyika hatua moja kabla ya hiyo. Hatua ya mwisho kabla ya kukita ndiyo breki: nyonga zinashuka, goti linakunjika, kasi inapungua. Wachezaji wengi hawana breki hii. Wanafika kwenye kona na kasi yote, kisha wanaomba mguu mmoja usimamishe kila kitu. Matokeo yake ama wanapiga upinde mpana ambao mlinzi anaufunga kirahisi, ama goti linaingia ndani na kano ya mbele ya goti inakatika bila hata mtu kuwagusa. Hata miaka mitano ya ngazi haijengi breki. Breki hujengwa na misuli yenye nguvu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kushuka kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa utulivu, na mbio za kasi zinazoishia kwa kusimama ndani ya hatua chache.

Unaweza kujipima bila kununua kitu. Kuna jaribio linaloitwa 505: unakimbia mita 10 za kupata kasi, saa inaanza, unakwenda mita 5, unageuka nyuzi 180 na kurudi mita 5. Watu wengi wanaishia kwenye muda huo, na hapo wanapotea, kwa sababu mwenye mbio za moja kwa moja anaweza kuficha mgeuko mbovu. Toa humo muda wako wa mita 10 za mwanzo za mbio za moja kwa moja. Tuseme mmoja ana 2.30 kwenye 505 na 1.75 kwenye mita 10: tofauti ni 0.55. Mwenzake ana 2.40 na 1.90: tofauti ni 0.50. Wa pili anaonekana mzito, lakini ndiye anayegeuka vizuri zaidi, na anachohitaji ni mbio. Nadhani wewe ni yule wa kwanza. Fanya kwa kila mguu, utashangaa upande mmoja ulivyo dhaifu. (Na kama ile 4.2 ilipimwa na rafiki kwa saa ya mkononi, ongeza takriban sehemu mbili za kumi za sekunde.)

Kuhusu mbio zenyewe sina mengi. Kimbia mita 10 hadi 30 kwa nguvu zote, mara chache, na pumzika kama dakika moja kwa kila mita 10. Ukihema bado, unajenga pumzi, hujengi kasi. Mara mbili kwa wiki inatosha ukiwa na mechi. Halafu tafuta mwenzako, chora chumba cha mita 5 kwa 10, mmoja ashike mpira na mwingine amkabe. Hilo ndilo zoezi lako la wepesi, na ni bure.

Vizito vya vifundoni vibaki dukani. Vinabadilisha namna mguu unavyorudi mbele na kuongezea goti na nyonga mzigo bila faida. Kama unataka upinzani, vuta tairi mita 10 hadi 20. Hapo mwili unaegemea mbele na unasukuma ardhi kwa nyuma, kama unavyotakiwa kufanya unapofyatuka.

Kinachoniudhi kwa hawa wa "siku 21" ni kwamba hawapo mchezaji anapoumia. Kasi haiji kwa wiki tatu kwa mtu ambaye tayari anacheza. Kinachoweza kuja kwa wiki tatu za mbio za kila siku juu ya misuli isiyoandaliwa ni paja la nyuma kuchanika. Kuna zoezi la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo, ukajishusha mbele polepole hadi kifua kifike chini. Kwa wanaolifanya bila kuacha hupunguza majeraha hayo kwa karibu nusu. Hutaliona kwenye matangazo yao, kwa sababu halipendezi kwenye video na linauma siku mbili za kwanza.

Na baada ya programu huja chupa. Mtu huyohuyo, akishakuuzia vizito, atakuletea unga wa "kulipuka". Kreatini ya kawaida, kirutubisho cha unga cha wanamichezo, ina msaada wake kwenye juhudi fupi zinazorudiwa, hilo silipingi. Lakini mchanganyiko usiojulikana umetoka wapi ni jambo jingine. Raga iko chini ya kanuni za dunia za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, na chini ya kanuni hizo mchezaji anawajibika kwa chochote kitakachopatikana mwilini mwake. Adhabu ya steroidi inaweza kufika miaka 4, na kusema aliyekuuzia hakukuambia kilichomo hakufuti kosa.