"Ndiyo, Mwalimu" Si Jibu

Safari hii tumekusanya barua tano zinazohusu mazungumzo ya darasani, kati ya anayefundisha na anayefundishwa. Tumezifupisha bila kubadili maana.

Nafundisha hisabati darasa la tano. Nikimaliza kueleza huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyooo!" Nikiwapa zoezi, zaidi ya nusu wanakosa. Wananidanganya, au mimi ndiye nisiyejua kueleza?
*Mwalimu wa hisabati*

Hawakudanganyi, Mwalimu. Swali lenyewe ndilo bovu. Anayejibu "hapana" anajianika mbele ya wenzake, anachelewesha kipindi na anaonekana kama anakulaumu. Anayejibu "ndiyo" hapotezi kitu. Tena mtoto asiyeelewa aghalabu hajui kwamba hajaelewa: alikufuata ubaoni hatua kwa hatua, na kila hatua ilimwingia akilini. Kuufuata mkokotoo wa mtu mwingine na kuuanza mwenyewe kwenye ukurasa mtupu ni kazi mbili.

Na wewe pia ujuzi wako unakuponza. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwataka watu wagonge kwa vidole mapigo ya nyimbo zinazofahamika, na wasikilizaji wakisie ni wimbo gani. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani. Msikilizaji anasikia ko-ko-ko tu. Unapotamka "kigawe kidogo cha shirika", wewe ndiye mgongaji.

Kwa hiyo acha kuuliza kama wameelewa, wape kitu cha kufanya. Kila baada ya dakika kumi hivi za maelezo, toa swali moja ambalo kila mtu atalijibu kwa wakati mmoja. Uchaguzi wa swali ndio wenye kazi: kila jibu la makosa likuambie kosa limetoka wapi. Chukua 1/2 + 1/3. Jibu sahihi ni 5/6. Aliyepata 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Aliyepata 2/6 amepata namba ya chini vizuri lakini za juu ameziacha kama zilivyokuwa. Aliyepata 1/6 amezidisha. Yaandike majibu hayo manne ubaoni, yape namba 1 hadi 4, waache wafikiri kimya nusu dakika, kisha sema, "Moja, mbili, tatu, onyesha!" Kila mtu aweke vidole kifuani pake, asivinyanyue juu, ili jirani asiige.

Ukitazama darasa kwa sekunde tano utajua la kufanya. Karibu wote wakipata, songa mbele, na wale wachache wafuate wakati wa zoezi. Wakigawanyika, tuseme waliopata ni kati ya asilimia 30 na 70, usitoe jibu. Waambie wenye majibu tofauti washawishiane wawili wawili kwa dakika mbili, kisha wapige kura upya. Huo ndio mtindo ambao Eric Mazur aliuanzisha katika madarasa ya fizikia huko Harvard miaka ya 1990, na unafaa hata kwa watoto. Wakipata chini ya asilimia 30, mjadala hautasaidia kwa sababu hakuna wa kumshawishi mwenzake. Fundisha upya, lakini kwa njia nyingine: mchoro, vipande vya karatasi, mfano wenye namba ndogo. Kurudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi ni kupoteza chaki.

Jihadhari na uso wako. Watoto husoma macho ya mwalimu haraka kuliko wanavyosoma ubao. Ukitabasamu mbele ya namba 3, kura ya pili itakuwa yako, si yao.

Nikiuliza swali, wanaonyoosha mikono ni wale wale watatu. Wengine wote kimya. Nikimchagua asiyenyoosha, anasema "sijui". Nifanyeje?
*Mwalimu wa sayansi, sekondari*

Kwanza jipime unasubiri muda gani. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi na kuchapisha matokeo yake miaka ya 1970: walimu walisubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kumtaja mtu, kurudia swali au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka na "sijui" zikapungua. Sekunde 3 ni fupi kwa saa lakini ndefu kwa mwalimu aliyesimama mbele ya watu kimya. Hesabu kichwani, tena polepole.

Kusubiri kuna mahali pawili, na pa pili husahaulika: baada ya mwanafunzi kumaliza kujibu. Ukisema "vizuri!" papo hapo, umefunga mjadala. Nyamaza sekunde 3 nyingine. Mara nyingi mjibuji mwenyewe ataongeza sababu, au mwenzake atadakia. Si kila swali linahitaji hayo yote, bila shaka. Swali la kukumbuka, kama alama ya kikemikali ya chuma, linajulikana au halijulikani, na kusubiri hakuongezi kitu. Subiri penye "kwa nini" na "itakuwaje kama".

Mpangilio wa maneno nao una uzito: swali, kimya, halafu jina. Ukianza na jina, wengine wote wamepumzika kabla hujamaliza sentensi.

Kwa darasa lililozoea kunyamaza, tumia utaratibu ambao Frank Lyman aliueleza mwaka 1981: fikiri peke yako, ongea na jirani, kisha liambie darasa. Wape dakika 1 ya kuandika neno au mstari mmoja, dakika 2 za kunong'onezana, halafu mwite mtu aseme *mwenzake* amewaza nini. Aibu inapungua kwa sababu wazo si lake, na amelazimika kusikiliza. Makosa ya kawaida ni kuiruka ile dakika ya kuandika. Ukiiruka, mwepesi anaongea na mzito anatikisa kichwa, umerudi kule kule kwenye wale watatu.

Akikosea, uliza, "Umefikaje hapo?" Ila uwaulize hivyo hivyo waliopatia. Ukiliuliza kwa waliokosea peke yao, ndani ya wiki moja darasa litajua kuwa "umefikaje" maana yake "umekosa", na atakayeulizwa atabadili jibu hata kama lilikuwa sahihi.

Jambo moja dogo tunaloliona linapuuzwa: tabia ya mwalimu kuwa mwangwi. Mwanafunzi anajibu kwa sauti ndogo, mwalimu anarudia kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Nia ni njema, lakini wanafunzi wanajifunza kwamba hawana haja ya kusikilizana. Sogea *mbali* na anayejibu, si karibu; atapaza sauti mwenyewe ili akufikie, na njiani wote watamsikia.

Sauti inanikauka kila ikifika katikati ya wiki, na bado walioko nyuma hunakili vitu tofauti na nilivyosema. Darasa ni kubwa na lina kelele. Kuna dawa?
*Mwalimu, shule ya msingi*

Kupiga kelele ni mashindano usiyoweza kushinda. Penye kelele kila mtu hupaza sauti bila kukusudia, jambo lililoelezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911. Wewe unapaza, nao wanapaza ili wasikilizane juu yako. Na pasipo kuta za kuirudisha, sauti hupungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu, hivyo kilichosikika vizuri mita 2 kutoka kwako kimedhoofika sana kwenye mita 8. Kuta za darasa huirudisha kiasi, ila kwa kuivuruga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za chinichini darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha, na madarasa mengi yenye madirisha wazi huzidi kiwango hicho.

Sababu ya kunakili vibaya ni kwamba ukipaza sauti zinazokua ni irabu, konsonanti zinabaki dhaifu. Tamka "sita" na "tisa": irabu ni zile zile, tofauti yote imebebwa na *s* na *t*. Aliye nyuma anasikia *i-a* na kuchagua namba. Kwa hiyo punguza mwendo badala ya kuongeza sauti, na kila namba, jina geni au ukurasa uuandike ubaoni hata kama umeutamka. Usiongee ukiwa umeugeukia ubao, kwa maana sauti inapiga ukuta na midomo haionekani. Andika, geuka, ndipo useme.

Maelekezo ya kazi yana kanuni zake:

– Nyamazisha kwanza kwa ishara moja isiyobadilika: mkono juu, mahali pamoja pa kusimama. Ukianza kuongea kabla kimya hakijatimia, unawafundisha kwamba kimya si lazima.

– Gawa karatasi na vifaa *baada* ya maelekezo. Mwenye kitu kipya mkononi hasikilizi.

– Usitoe hatua sita kwa pumzi moja. Mtu mzima hushika akilini mambo kama 4 hivi kwa mara moja, kwa mujibu wa uchambuzi wa mwanasaikolojia Nelson Cowan wa mwaka 2001. Mtoto hushika machache zaidi. Toa mbili au tatu, na orodha nzima ikae ubaoni.

– Kabla ya kusema "anzeni", mwite mmoja aseme hatua ya kwanza ni ipi, mwingine aseme ya mwisho. Ni sekunde ishirini tu, na hazilingani na dakika tano za "Mwalimu, tunafanya nini?"

Na koo lako: kunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Ukwaruzo wa sauti ukizidi wiki tatu, muone daktari.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi. Nikimwambia mwalimu sijaelewa, anasema "hilo nilishafundisha". Sasa naogopa kuuliza.
*Msichana wa miaka 14*

Marahaba, binti yetu. "Sijaelewa" ni neno pana mno. Mwalimu analisikia kama ombi la kuanza somo upya. Mwonyeshe mahali ulipokwama: "Nimefuata mpaka mstari wa tatu. Kwenye wa nne sioni 12 imetoka wapi." Swali la namna hiyo linajibika kwa sentensi moja, na linaonyesha ulikuwa unasikiliza. Liandike pembeni mwa daftari papo hapo linapokujia, maana baada ya robo saa litabaki fukuto tu lisilo na umbo. Kisha liulize wakati wa zoezi, mwalimu anapopita kwenye madawati.

Kwa walimu mnaosoma hapa: "nilishafundisha" huenda ni kweli, lakini aliyeambiwa hivyo mara mbili haulizi mara ya tatu, na mnabaki hamjui anachokikosa mpaka siku ya mtihani.

Nasahihisha madaftari mpaka usiku, naandika maoni kwa kalamu nyekundu. Wanatazama alama tu, wanafunga daftari.
*Mwalimu wa lugha*

Alama huyameza maoni. Ruth Butler alichapisha utafiti wake mwaka 1988: waliopewa maoni peke yake waliendelea vizuri zaidi kuliko waliopewa alama, na waliopewa vyote viwili walifanana na wa alama tupu. Basi katika mazoezi ya kawaida andika maoni, alama iweke kwenye kitabu chako.

Maoni yawe kazi ya kufanya. "Jitahidi" haimwelekezi mtu popote. "Aya ya pili ina sentensi tatu zilizounganishwa na *na*, zitenganishe" inamwelekeza. Usimrekebishie kila kosa. Weka nukta pembeni mwa mstari wenye kosa, alitafute mwenyewe.

Kwa darasa la watu sitini huwezi kuandika hivyo kwa wote kila siku, wala hupaswi. Chukua madaftari kumi na mawili kwa siku ya kazi, na wiki ikiisha umewazungukia wote. Kisha tenga dakika kumi za mwanzo wa kipindi wafanye marekebisho mbele yako, kalamu mkononi, kabla hujafungua mada mpya. Bila dakika hizo, wino mwekundu utaendelea kusomwa na wewe peke yako.