Mbugis katika kiti cha Selangor

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba sultani wa kwanza wa Selangor, Malaysia, alikuwa Mbugis. Mgeni alikubalikaje na Wamalai? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina lake Raja Lumu. Babake, Daeng Chelak, alikuwa mmoja wa ndugu watano Wabugis, mabaharia wapiganaji wenye asili ya Sulawesi Kusini, katika Indonesia ya leo, walioingilia ugomvi wa kiti cha Johor, usultani wa Kimalai ulio kusini. Baada ya ushindi walijitwalia cheo cha Yang Dipertuan Muda. Kwa jina huyo ni makamu wa sultani, lakini kwa kweli serikali ilikuwa mikononi mwake.

Selangor ilikuwa na bati, na Wabugis walikwisha kukaa huko. Nguvu Raja Lumu alikuwa nazo. Alichokosa ni nasaba, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana hakutegemea upanga peke yake. Masultani wa Perak, nchi jirani, walitokana na ukoo wa Melaka, usultani wa kale wa Kimalai, ukoo uliotukuka kuliko wote kwa Wamalai. Mwaka 1766 Sultani wa Perak alimtawaza, naye akaitwa Sultan Salehuddin Shah. Baada ya hapo nani angemwita mgeni?

Alifariki 1778, akazikwa Bukit Melawati, kilima cha Kuala Selangor kinachotazama mlango wa mto. Mwanawe Ibrahim alinyang'anywa ngome ya Kuala Selangor na Waholanzi mwaka 1784, akaikomboa mwaka uliofuata. Wazao wa Raja Lumu wanatawala Selangor hadi leo.