Wadudu mafuta kwenye michungwa, mtego wa madume upo?

SWALI: Habari mtaalamu, mimi nalima huku Muheza. Kwenye miembe natumia ule mtego wenye dawa ya kuvutia madume ya inzi wa matunda na unanasa kweli. Sasa michungwa imejaa wadudu mafuta weusi kwenye machipukizi, kuna mtego wao? Halafu mwanangu alimfungia mmoja tu kwenye chupa na jani, siku ya pili akakuta vitoto. Huyo mume kampata wapi?

JIBU: Hana mume ndugu yangu, na wala hamhitaji, ndo maana mtego wa madume hautakusaidia. Inzi wa matunda ukimaliza madume majike yanabaki na mayai yasiyoanguliwa, ila hawa wadudu mafuta wa kwetu ni majike watupu, dume hulioni. Mtafiti wa wadudu Charles Bonnet wa Geneva alifanya hichohicho cha mwanao mwaka 1740, akamtenga mmoja tangu anazaliwa, akaishia kuzaa watoto 95 peke yake!

Chukua lensi uangalie chipukizi asubuhi, utamkuta mama mdomo bado kauchomeka kwenye jani ananyonya huku nyuma mtoto anatoka, anatanguliza makalio, hakuna cha yai wala nini. Na huyo mtoto anazaliwa tayari ana viinitete vinakua tumboni mwake, yaani bibi, mama na mjukuu ndani ya mwili mmoja, kwa joto letu la Tanga wiki moja hivi naye anaanza kuzaa. Kwenye nchi za baridi aina nyingi za hawa wadudu, siku zikianza kuwa fupi, huzaa madume na majike ya kutaga, wanapandana, mayai ndo yanavuka baridi. Huku baridi iko wapi? Wakibanana tu wanazaliwa wenye mabawa, na akitua mmoja kwa jirani imetosha.

Sasa kwenye dawa ndo watu wanapigwa. Watoto ni kopi ya mama, kwa hiyo ukipulizia dawa ileile kila siku akabaki mmoja anayeihimili, ukoo mzima unaofuata unaihimili, na wewe umeshaua vile vidudu vyekundu vya duara vyenye madoa meusi vilivyokuwa vinawala bure. Mimi ningeanza na maji ya sabuni jioni, chini ya majani hasa maana isipomgusa haimuui, machipukizi yaliyojaa sana kata uchome, na yurea punguza kwa sababu majani laini ndo chakula chao. Sisimizi nao wazuie wasipande shina, wanawalinda wale ili walambe ule utamu wao.

Ila kama mti unakauka kuanzia matawi ya juu nitumie picha ya shina pale ulipobebeshwa, hawa wadudu wanasambaza virusi vya tristeza, ugonjwa unaokausha michungwa, na hiyo ni kesi nyingine kabisa, sabuni haiigusi.